Kisa Kimoja, Ukurasa Mmoja

Benchi lilikuwa ubao tu juu ya mawe mawili, nje ya kibanda cha fundi viatu waliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani tu, maana shule aliipita kwa nje. Asubuhi hiyo Mama Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikaa hapo na karatasi tupu gotini. Chuo kilitafuta mwalimu wa ushonaji, na kabla ya saa kumi kila mwombaji apeleke ukurasa mmoja: kisa cha maisha yake kilichompa funzo. Nguo za watu ameshona miaka ishirini na miwili, leo kalamu imemgomea. Shoga yake, Redio, aliyejua habari kabla hazijatokea, akammiminia kahawa.

— Anza na msiba, shoga. Bila msiba hawasomi.

— Msiba upi? Wangu wote wazima.

— Haba na haba hujaza kibaba. Ua shangazi kwanza, mjomba afuate.

— Shangazi ndiye mpishi wa chuo hicho!

Profesa akatoa misumari mdomoni.

— Misiba imepitwa na wakati. Weka chui. Kaingia dukani, wewe na mkasi wako!

— Chui atafuta nini kwa fundi cherehani?

— Kaja kupunguziwa suruali. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Na funzo?

— Funga mlango.

Redio akamsukuma kwa kiwiko.

— Achana na chui wa Profesa. Andika ya yule jirani aliyemfuata mume wa mtu mpaka stendi, akaachwa na sanduku.

— Hilo funzo lake, si langu.

— Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kanyolewa yeye, maji tunatia sisi!

Pembeni alikaa mama mmoja mgeni, mguu mmoja peku, akingoja kiatu chake.

— Samahani, wenyeji. Tangu nimekaa mnasimulia makosa ya watu. Nyie wenyewe mlikosea lini?

Profesa akarudisha misumari mdomoni. Redio akajimiminia kahawa nyingine.

Mama Sindano akainama, akaandika, midomo ikitembea na kalamu. Redio, macho hayana pazia, akasoma begani kwake.

— Shoga! Yule bibi harusi aliyepasukiwa na gauni ukumbini? Si ulituambia kanenepa?

— Niliwaambia.

— Tukamcheka mtaa mzima!

— Hakunenepa hata kidogo. Nilikata kitambaa bila kurudia kipimo, nikaona haya kusema.

— Na chuo wakisoma hivyo? Watakunyima kazi!

— Huenda.

Akakunja karatasi, akasimama, akajikung'uta nyuzi.

— Kwanza nampelekea yule bibi harusi asome. Chuo baadaye.