Walipogeukia Ukuta

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mdomo kama huu wangu, uliomsifu miaka mingi huku mkono ukifanya kazi nyingine. Mimi ni mzee wenu, mwenyeji wa Sori, ila nimeishi hapa Suna muda mrefu nikiuza vipuri vya baiskeli. Nilisoma hadi sekondari. Nilikuwa mzee wa kanisa. Mnivumilie, maana jambo hili bado linanishtua ninapolisema.

Ndugu zangu, nilikuwa mpigaji. Nilimpiga mke wangu, Perpetua. Nilimpiga chai ikiwa baridi. Nilimpiga mbele ya dada yake kule Sori, kisha nikanawa mikono nikaomba chakula, na chakula kikaletwa! Kila Sabato nilisimama mbele yenu na tai shingoni, nikafundisha somo, nanyi mkasema Amina. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nami sikujiuliza.

Mjukuu wetu Atieno alikuja kutoka Homa Bay, kwa mama yake, ili asomee shule ya huku. Akajiunga na darasa la karate katika ghala la zamani la mahindi nyuma ya soko. Mwalimu wao ni mwanamke Mkuria kutoka Ntimaru, Mwalimu Boke. Nikasikia kwamba wanafunzi wake huinama wakiingia, huinama wakitoka, na huinamiana wao kwa wao. Nikapata la kuhubiri! Nikasema hapa hapa kwamba wanainamia pepo wa nchi za mbali. Mnakumbuka. Wengine mliwatoa watoto wenu kwa ajili ya maneno yangu. Nisameheni.

Ijumaa moja jioni tulikuwa tukijiandaa kuipokea Sabato, na Perpetua alikuwa hajamaliza kupiga pasi shati langu. Nikainua fimbo. Ndugu zangu, fimbo haikufika! Atieno aliingia katikati yetu akiwa bado na nguo zake nyeupe za mazoezi, akaupangua mkono wangu kwa mkono wake, fimbo ikaruka hadi uani kwa kuku. Nikaona ngumi yake ya pili imekunjwa kiunoni, tayari. Nikafumba macho. Hapo ndipo nilipojua kwa mara ya kwanza mtu anavyojisikia akingoja kupigwa.

Ngumi haikuja.

"Kwara, sitakupiga," akasema. Ndivyo anavyoniita mimi babu yake; bibi yake humwita Dani. "Lakini Dani hapigwi tena."

Kisha akaniinamia, kama wafanyavyo wao. Nilidhani ananidhihaki. Jumapili nikaenda kwenye lile ghala nikiwa nimechemka, nimeamua kwamba darasa lazima lifungwe.

"Karibu, Mzee. Vua viatu," Mwalimu Boke akaniambia.

"Sivui viatu mbele ya mashetani!"

"Basi keti hapo mlangoni. Nimetoka kupiga deki, na mashetani wangu hawapendi matope."

Wanafunzi wakacheka chinichini. Nikakaa juu ya kreti ya soda, nimenuna.

Walikuwa wakifanya mazoezi wawili wawili. Ngumi ilitoka kwa nguvu zote, kisha ikasimama karibu kabisa na pua ya mwenzake bila kuigusa. Mwalimu alizunguka akisema, "Kupiga hata punda anajua! Nionyeshe kusimamisha!" Nilishangaa. Nilidhani wanafundishwa kuumiza watu.

Halafu kijana mmoja mkubwa, Ouma, hakusimamisha. Ngumi ikampata Atieno mdomoni, damu ikadondokea nguo nyeupe. Nikaruka kutoka kwenye kreti. Nilifurahi, ndugu zangu! Mnanisikia? Mjukuu wangu anatoka damu nami nafurahi, kwa kuwa nimepata ushahidi!

Mwalimu akagonganisha viganja mara moja. Wote wakapiga magoti, wakageukia ukuta, wakampa Atieno mgongo. Ouma pia, kichwa chini. Ghala likanyamaza hata nikawasikia wauza omena kule sokoni. Mwalimu akamwosha Atieno mdomo, taratibu.

"Mbona wamegeuka?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imeshuka.

"Aliyeumia si sinema, Mzee. Na aliyeumiza anangoja aambiwe kama bado ana mwenzake."

"Nani atamwambia? Wewe?"

"Kwani nimepigwa mimi? Ni Atieno. Akikataa, amekataa."

Atieno alikawia. Mwishowe akasema, "Haya, Ouma, simama. Lakini deki ya wiki hii ni yako."

"Na ya wiki ijayo," Ouma akajibu akiwa bado ameuelekea ukuta. Wote wakacheka, wakainuka, na wale wawili wakainamiana.

Ndugu zangu, nilishikwa na butwaa! Kijana asiye na ndevu alikuwa amefanya jambo ambalo mimi sikulifanya maisha yangu yote. Nilimwumiza mke wangu tangu ujana wetu na sikungoja jibu lake hata mara moja. Nilijisamehe mwenyewe, nikasema ni neema ya Mungu! Nikaanguka pale mlangoni nikalia, "Bwana Yesu, ukamate mkono huu, mimi umenishinda." Na akaukamata! Haleluya! Tangu siku ile haujainuka juu ya mtu.

Nikarudi nyumbani, nikapiga magoti sebuleni, nikageukia ukuta. Perpetua akatoka jikoni.

"Umeangusha nini hapo?"

"Sijaangusha kitu. Nangoja uniambie kama bado una mume."

Nilitarajia alie, anishike bega, tuombe. Badala yake nilimsikia akifungua kabati, kisha mlango. Akaenda Homa Bay kwa binti yetu, na Atieno ndiye aliyemsindikiza hadi stendi. Hilo ndilo lililokuwa jibu langu, nami nililistahili. Nikaja hapa nikaungama, nikaacha uzee wa kanisa. Kisha nikarudi kwa Mwalimu Boke, nikavua viatu, nikaomba kufundishwa kusimamisha mkono. Wanafunzi wananitania, wananiita Jaduong' Mkanda Mweupe, yaani mzee mwenye mkanda wa wanaoanza. Wananiinamia, nami nawainamia.

Mvua za masika zikaja, zikaisha. Asubuhi moja Perpetua akatokea. Hakunisalimu. Akauweka mfuko wake chini kando ya mlango, ukiwa umefungwa.

"Nitakaa," akasema. "Lakini mfuko huu hauingii chumbani. Unakaa hapa."

Uko pale hadi leo. Hutoa gauni, akalivaa, akalifua, akalirudisha humo humo. Naupita kila asubuhi nikienda dukani, nami namshukuru Mungu kwa ajili ya mfuko ule, kwa sababu hauko Homa Bay.

Wewe mwanamume uliyeketi hapa na mkono kama uliokuwa wangu, mwamini Yesu leo! Ataukamata. Kisha nenda nyumbani, upige magoti, na usiinuke kabla hujaambiwa. Ukikataliwa, endelea kumwamini hata hapo, na usimlaumu aliyekukataa.

Kabla ya kusimama hapa nilimwomba Perpetua ruhusa. Akaniambia, "Sema yote. Ukiruka kitu, nitainuka mbele ya kanisa zima niseme mwenyewe."

Tazameni kule nyuma, ndugu zangu. Bado ameketi. Mungu apewe sifa!