Gesi Haifiki Kwetu

Kijana aliyekaa mbele yangu ni dereva wa teksi inayotumia gesi. Basi zima lilishajua, maana sauti yake haijui kunong'ona. Alikuwa anakwenda kwao, na mama wa makamo aliyekaa naye akataka kujua imekuwaje dereva apande basi.

"Gesi haifiki kwetu, mama. Vituo vinaishia pale njia panda tulipopita. Nikienda na gari, mtungi utaniishia porini."

"Si linatumia petroli pia?"

"Linatumia, lakini safari ndefu hivi itanikausha. Mama yangu anaelewa. Kila mwaka namwambia, kituo kikijengwa nitakuja na gari, apande mbele kama bosi."

"Anaelewa!" mama akaguna. "Alikubeba miezi tisa, mwanangu, hakuuliza kituo kiko wapi."

Mimi nilijifanya nimelala.

"Sasa miguu imemgoma," kijana akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana nimepanda chochote."

"Hapo umefanya la maana, baba. Lakini..."

Basi likakata kona na kusimama. "Abiria wote chini," kondakta akapaza sauti, "tunajaza gesi!"

Gesi ikijazwa, hakuna anayebaki ndani. Tukasimama pembeni. Kijana akatazama pampu, kisha bango, ambalo rangi yake ilishababuka kwa jua. Hakikuwa kituo kipya.

Yule mama akamshika mkono. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu, ingawa nilikuwa nimevaa ndala.