Suti za Mazishi na Jina la Mkuu

Mgeni rasmi, Bwana Colin Ashdown, mwongozaji wa filamu, Mwenyekiti wetu, Bibi Pargeter, majirani wote.

Kuna uvumi tuliusikia kwenye mashine za kufulia, ukakataa kututoka masikioni: kwamba unarudi hapa mtaani kwetu Bermondsey kupiga sehemu ya pili ya ile filamu ya majambazi, na unatafuta kijana wa hapa hapa aigize bosi wao. Leo tumekuona kwa macho. Karibu sana. Chai ipo, na pai za nyama kama zamani. Mimi Doreen Tuttle nimetumwa na wapangaji wenzangu kukusomea haya.

TULIKOTOKA
Mwaka 1998 ulikuja na kamera ya kuazima na gari bovu tulilolisukuma ili lionekane linakimbia. Damu ilikuwa sharubati ya stroberi. Suti hukuwa nazo, ukauliza, "Jamani, nani ana suti nyeusi?" Kila mwanamume wa hapa anayo moja, ya mazishi. Wakazivaa, mkazimwagia sharubati. Wiki iliyofuata mzee Len Sprake akafariki, akabebwa na wanaume sita wenye mashati yaliyogeuka rangi ya waridi kwa sharubati, nyigu wakiwaandama mpaka kaburini. Mjane wake alicheka mpaka akakaa chini. "Len angelipa kiingilio kuona hii," alisema. Tunalisimulia jambo hilo mpaka leo.

CHANGAMOTO
Bosi wa filamu alikuwa kaka yangu Vic, muuza samaki. Ulituagiza tumwite Mkuu hata wakati wa kula, asije akapoteza uigizaji. Tukamwita. Filamu ikaisha, ukaondoka, na hakuna aliyekumbuka kutuambia tuache. Sokoni ikawa, "Mkuu, nipimie chewa wawili." Ulikuwa utani tu. Lakini Vic akaanza kuitikia kwa sauti ile ya filamu, na suti akaivaa hata siku za kazi.

Mwaka wa pili wakaingia baa watu watatu, majambazi wasiohitaji kamera. Wakauliza, "Mkuu ni nani hapa?" Angeweza kusema, mimi nauza samaki. Akasimama. Wakampiga; mguu wake wa kushoto haukupona, na kibanda chake cha samaki kikafungwa.

Hatukulaumu wewe peke yako. Sisi ndio tuliomwita.

Sasa mwanangu Dean, miaka kumi na tisa, ameitoa suti hiyo ya Vic kabatini. Jumapili nilimwambia, "Vua hiyo, chakula tayari."

Akajibu kwa sauti ile ile, "Mkuu havuliwi, mama."

Meza nzima ikacheka. Vic hakucheka. "Vua, mpwa wangu," alimwambia. "Bado inanuka samaki."

MAOMBI
Filamu ile tunaipenda. Kila Krismasi tunaitazama, tukitaja majina ya waliokwisha kutuacha. Piga ya pili, milango yetu iko wazi, na Mungu akulinde wewe na kamera yako. Ila haya msiyafanye:

Msiguse suti za mazishi.

Msitembee na bastola za bandia kabla polisi na majirani hawajaambiwa.

Msimpe Dean nafasi ya bosi. Mpeni ya dereva. Ya maiti pia hapana.

Kamera ikizimwa, msimwite mtu jina la filamu. Kila mtu aitwe jina alilopewa na mama yake.

Ni sisi,
Wapangaji wa Majengo ya Marlow