Mstari Unaanzia Mlango Mdogo

Makamaradi wa mapambano, ninyi mlioimba mpaka sauti zikakauka, na zilipokauka mkaendelea kwa kupiga miguu;

Akina mama wa Nyawera, mliokuja moja kwa moja kutoka sokoni, na kamba za mizigo zingali mabegani;

Ndugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu wa chuo cha ualimu;

Mapadri wetu, mliotupa ukumbi huu wa Nguba bila kutuuliza tutapiga kelele kiasi gani, jambo ambalo nadhani mtalijutia kabla ya jua kutua;

Papa na maman wageni waalikwa;

Mheshimiwa Kamishna wa Wananchi:

Nimeona bwana wa protokoli akikunja uso. Asikasirike. Nimewasalimu watu kwa jinsi walivyofika, na akina mama hawa walifika wakati milango ilikuwa bado imefungwa. Ndivyo orkestra Gonga Mulango inavyosalimu, na leo sisi sote ni wageni wake.

Mimi ni Modeste, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa historia. Makamaradi wamenituma kwa kazi mbili. Kwanza, nimuage Maman Emérence, mwimbaji na mpiga gitaa wa orkestra hii tangu siku ilipozaliwa, ambaye anashuka kwenda Luvungi kuongoza shule ya sekondari. Pili, nimkaribishe Colombe, mwanafunzi mwenzetu, ambaye leo anapokea gitaa lile, na ambaye Jumamosi ijayo ataimba mbele ya mji huu kwa mara ya kwanza.

Ningeweza kusema maneno matamu, tukapiga makofi, tukaenda kunywa. Lakini nyuma yangu kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna ampli mpya na vipaza sauti virefu kama wanaume, vimefunikwa turubai, kamba zake hazijafunguliwa. Ampli ya zamani ya orkestra iliungua siku ya Pasaka. Hizi mpya zililetwa na lori la Mheshimiwa, pamoja na ombi moja: Jumamosi, katika wimbo wake wa kwanza, Colombe alitaje jina la Mheshimiwa, na cheo chake, mara tatu. Desturi hiyo mnaijua. Watu wa Kinshasa huiita libanga, yaani jiwe: mkubwa anatoa zawadi, mwimbaji anatupa jina lake ndani ya wimbo, na wimbo unazama nalo.

Basi swali lililotugombanisha wiki nzima chuoni, mezani, hata kwenye foleni ya maji, ni hili. Muziki huu unaoitwa punk, uliozaliwa kwa hasira, umebaki na roho yake ya uasi? Au umezeeka, umenenepa, ukatafuta kiti cha mbele?

Makamaradi, tuanze mwanzo.

Mwaka 1979 mwalimu kijana kutoka Ubelgiji, Mademoiselle Françoise, alimaliza mkataba wake hapa Bukavu, akamwachia mwanafunzi wake Emérence kaseti moja ya muziki huo. Floribert, mnayemwona pale nyuma ya ngoma zake akijifanya hanisikii, alikuwa na redio-kaseti ya kaka yake. Walisikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho. Kisha Floribert akasema: "Eh! Bazungu hawa banapiga gitaa sawa batu benye banagombana na mulango."

Emérence akamjibu: "Basi na sisi tugombane nayo. Milango iko mingi huku."

Ndipo jina likapatikana. Walijifunza nyimbo zile mpaka vidole vikatoka malengelenge, na mikono ya Floribert ikavimba kama ya mpishi wa bugali wa seminari. Wasichokijua ni kwamba mota ya redio ile ilikuwa mbovu: ilikimbia. Miaka sita baadaye Françoise alirudi kututembelea, akawasikiliza wakipiga, akashika kichwa: "Lakini, watoto wangu, mbona munakimbia hivi? Hata wao wenyewe hawapigi haraka hivi!"

Emérence akasema: "Basi, Mademoiselle, uwaambie baongeze mwendo."

Mnacheka. Lakini nawauliza: nani alibaki mwaminifu kwa hasira ile? Wale walioitunga, au hawa wa Bukavu walioipokea kwa makosa ikiwa imezidishwa, wakaibeba hivyo hivyo bila kuipunguza?

Nanyi wadogo mliozaliwa jana, kumbukeni ile ilikuwa miaka gani. Jina la ubatizo lilikuwa limepigwa marufuku na serikali, limefungiwa kabatini pamoja na tai ya baba. Ukiitwa Emérence mbele ya watu, aliyekuita alikuwa amefanya kosa, na wewe uliyeitika umefanya la pili. Sasa Emérence alipanda jukwaani, akashika gitaa, akasema kwa sauti iliyofika ziwani: "Mimi ni Emérence, huyu ni Floribert, tunaanza." Hakuongeza tusi wala kumtaja adui. Alitaja jina alilopewa na mama yake, na watu wakasimama kama kanisani, kwa sababu kila mmoja alikuwa na lake, limekunjwa chini ya ulimi.

Baadaye wakaamriwa kupiga katika animation, zile ngoma za kuusifu utawala, siku mkubwa fulani alipopita mjini. Kukataa kulikuwa na jibu lake, nalo lilikuwa na kuta nne. Hawakukataa. Walifika mapema, safi, wametulia. Wacheza animation wakapanga safu, bendera zikainuliwa, na Floribert akaanza kupiga kwa mwendo ule ule wa redio mbovu. Wachezaji walifuata ubeti wa kwanza. Katika ubeti wa pili viatu vikaanza kuruka. Katika wa tatu, sherehe iliyopangwa kujaza alasiri nzima ilikuwa imekwisha, safu zimelala chini kutafuta pumzi, na mkubwa mwenyewe hajafika.

Kiongozi wa animation akaja anatoka jasho, akamwita mwananchi kwa Kifaransa, kama ilivyoamriwa enzi hizo: "Citoyenne! Hii ni muziki gani?"

"Ni furaha, Citoyen," alisema Emérence. "Furaha ikizidi, inakimbia."

Walilala ndani. Asubuhi Maman Eulalie, mama yake Emérence, ambaye yuko pale mstari wa tatu na kitambaa cha bluu, alileta bugali na sambaza, vidagaa vya ziwa letu, akawachungulia kwenye kidirisha: "Mulitaka kuwa nyota, haya. Kuleni sasa, banyota bangu, musife njaa mbele ya kuangaza."

Makamaradi, huo ulikuwa uasi, na hakuna anayeubishia. Ubishi unaanza hapa. Tangu mwezi wa nne wa mwaka jana, tulipoambiwa kwamba vyama vinaweza kuwa vingi, tai zimetoka kabatini na majina ya ubatizo yametembea barabarani mchana. Kinachoweza kusemwa kwa sauti kimeongezeka. Je, ngumi inafanya nini mlango ukifunguka? Tunasikia kwamba huko Ulaya pini ambazo vijana wale wa punk walifungia nguo zao zilizochanika sasa zinauzwa madukani kama mapambo, zimeshachomekwa kwenye nguo iliyochanwa na fundi kwa ustadi. Sisi pini tulivaa kwa sababu vifungo vilikatika. Hatukujua kwamba tunafuata mtindo, na mtindo ulipokwisha hatukujua pia, kwa sababu vifungo bado havijarudi.

Kamaradi wangu Cirhuza, mwenyekiti wa kamati ya utamaduni, alisimama Jumatatu katika mkutano wetu, akasema, nami namnukuu kwa heshima na kwa furaha: "Hawa sasa ni bazee ba arusi! Balipiga mu arusi ya dada yangu Apolline, balivaa viatu vya kung'aa, baliimba hata wimbo wa Bikira Maria. Uasi iko wapi? Wachukue tu ampli, waseme jina, biishe!"

Ni swali la haki. Nami nitalijibu kwa arusi hiyo hiyo, kwa kuwa nilikuwepo.

Mnajua kanuni ya orkestra hii. Anayetaka jina lake liimbwe hapeleki zawadi. Anapanga mstari kwenye mlango mdogo, na zamu yake ikifika anataja mambo mawili: jina alilopewa na mama yake, na kazi aliyoifanya wiki hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Cheo kinabaki nje, kama mwavuli. Siku ya arusi ya Apolline, msema-sherehe alimletea Emérence majina ya wakubwa wa meza ya mbele, kila jina na mkia wake mrefu wa vyeo. Emérence akamshukuru, akageukia uani, akaita: "Nani alipika?" Wakaja akina mama, miko mikononi, moshi machoni, wakapanga mstari. Tukasikia ukumbini: Marcelline, amemenya ndizi! Yolande, amechota maji tangu alfajiri! Meza ya mbele ikabaki kama picha ukutani. Kisha bi arusi mwenyewe akainuka, akakusanya gauni lake, akaenda kusimama mwisho wa mstari. Zamu yake ilipofika akasema: "Apolline. Nimefua soksi za kaka yangu Cirhuza."

Cirhuza, usijifiche nyuma ya mwenzako. Ulicheza wimbo ule mpaka kisigino cha kiatu kikakutoka. Nilikuona, na mji mzima ulikuona.

Uasi uko wapi, unauliza? Ulikuwa pale, umevaa viatu vya kung'aa. Zamani mlango uliofungwa ulikuwa wa jina. Leo ni wa kiti cha mbele. Mlango umehama, na orkestra imeufuata ilipohamia. Muziki unaogonga kila siku mlango ule ule wa zamani, hata baada ya mlango kuwa wazi, huo haukubaki mwasi. Umebaki na mazoea.

Sasa niwaambie lililotokea Alhamisi, kwa kuwa linamhusu Colombe, na kwa kuwa Colombe hajalala vizuri tangu siku hiyo. Anajua kwamba bila ampli sauti yake Jumamosi haitavuka safu ya tano. Anajua pia kwamba mwimbaji husikilizwa mara ya kwanza mara moja tu. Mjumbe wa Mheshimiwa alimkuta mazoezini, akamwambia kwa upole: "Binti, ni jina moja tu. Jina haina buzito."

Colombe akaweka gitaa chini. "Kama haina buzito, tonton, mbona mulikuya na lori?"

Mjumbe akacheka, maana ni mtu mwema. Akauliza amjibu nini mkubwa wake. Colombe akamtazama Maman Emérence. Maman Emérence akatazama dirishani, kuelekea ziwani, kama mtu asiyehusika kabisa. Ndipo Colombe akajibu peke yake: "Umuambie akuye siku ya posho, ile Jumamosi. Apange mustari sawa bengine. Nitaimba jina yake. Lakini aseme na kazi yenye alifanya."

Mjumbe alipoondoka, Emérence alimpa mrithi wake wosia pekee niliowahi kumsikia akiutoa: "Ukiona hakuna mutu mwenye amekasirika, ongeza mwendo."

Basi, makamaradi, swali limejibiwa, na halikujibiwa na mimi. Roho ya muziki huu haikukaa ndani ya kaseti, kwa maana kaseti yenyewe ilishatafunwa na redio ya Floribert. Haikukaa kwenye pini wala kwenye nywele. Ilikaa Alhamisi ile katika koo la binti mwenye hofu ya kutosikika, na akasema bila ampli neno ambalo leo mji mzima umelisikia. Maman Emérence, nenda Luvungi kwa amani. Wanafunzi wako wa huko tunawaonea wivu, na wakuu wako wa huko tunawaonea huruma. Ulichotuachia kinasimama kwa miguu yake.

Mheshimiwa Kamishna, nakusifu mbele ya watu hawa. Wangapi katika cheo chako wangekaa kwenye kiti hicho, wakasikiliza haya yote, bila kumwita dereva? Umekaa. Umecheka mara mbili. Nimekuona, hata kama protokoli hakuona. Zawadi yako ikipenda kubaki hapa bila wimbo, tutaifungua kamba kwa shukrani. Ikitamani kurudi nyumbani, vijana hawa watasaidia kuipakia, na Colombe ataimba kwa koo lake, nasi wa safu ya sita tutasogea mbele.

Nakaribia mwisho, na naona Mheshimiwa amenyoosha mkono. Tafadhali, Mheshimiwa. Nyamazeni, wandugu, tusikie.

Mmesikia? Ameuliza: "Na mvua ikinyesha?"

Ni swali zuri, hasa katika miezi hii ya Bukavu. Mvua ikinyesha, Mheshimiwa, mstari wote unalowa.

Haya, amecheka mara ya tatu. Mpigieni makofi, amestahili.

Nawashukuru nyote kwa masikio mliyonipa na kwa subira mliyoniongezea juu yake. Tutakutana Jumamosi hapa hapa, muziki saa nane kamili. Mstari unaanza saa saba, kwenye mlango mdogo, upande wa ziwa, na akina mama wa Nyawera wameniambia kwamba watafika mapema. Mheshimiwa, nyuma yao pana nafasi.