Siku Bibi Kohoa Alipoazima Mikono

“Umekunywa chai wewe!”

“Nusu kikombe tu, dada, hiyo nayo ni chai?”

“Nilikwambia tangu jana jioni, maji matupu. Nikipima sukari sasa hivi nitakuwa nimepima kifungua kinywa chako. Rudi kesho!”

Ndivyo bibi yetu, muuguzi, alivyogombana na fundi mwashi aliyekuja kupimwa maabara, tarehe 9 Machi 1978, naye fundi akarudi kesho yake na njaa yake, akarudi tena wiki iliyofuata bila ugonjwa wowote, wakafunga ndoa tarehe 2 Desemba 1979, wakajaliwa watoto wanne.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1952, akahitimu uuguzi mwaka 1975, akatumika wodini na maabara miaka thelathini na saba, akaitwa Bibi Kohoa, kwani mtu aliyepaliwa akiwa bado anakohoa, hakuruhusu anyweshwe maji wala apigwe mgongo, alisema mwacheni, kikohozi kinajua njia.

Februari mwaka huu alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala, akauguzwa nyumbani na mjukuu wake aliyeishia kidato cha pili. Tarehe 3 Agosti, saa nne asubuhi, jirani aliingia mbio na mtoto wake wa miezi minane, punje ya hindi imemkwama kooni, hakohoi, halii, midomo imebadilika rangi, na mjukuu akakimbilia maji.

“Weka kikombe chini!” marehemu alisema kutoka kitandani. “Mpokee mtoto, kaa. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini, shika taya. Sasa mpige katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja.”

“Nitamuumiza, bibi!”

“Ukisubiri ndiyo utamuumiza. Moja!”

Alihesabu kwa ulimi mzito, na katika pigo la tano punje ikaruka, mtoto akalia, mjukuu akabaki anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine, maana bibi asiyeweza kujigeuza ubavu alikuwa ameokoa roho bila kuinua kichwa kwenye mto wa kitanda.

Jioni hiyo kifua kilimbana, akakimbizwa hospitali, moyo wake ukasimama tarehe 5 Agosti, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, wenzake wa maabara, na majirani waliobeba machela. Apumzike salama bibi yetu, ambaye hata machela ilipofika mlangoni aliwasimamisha wabebaji, akamtafuta mjukuu wake kwa macho, akamwambia, “Yule mtoto apelekwe leo akasikilizwe kifua, hata kama anacheka.”