Kanda ya Ciru

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli. Leo redio yenu ina kilio. Mzee Gerishon Mburu wa Kiplombe, hapa Eldoret, ametuacha. Ndiye yule wa duka la kompyuta za nyumbani. Atazikwa Jumamosi.

Wenye mvi mnaikumbuka ile mashine. Uliichomeka kwenye televisheni. Mchezo ulikaa kwenye kanda ya kaseti, kama nyimbo za kwaya. Kanda ilipiga makelele kwanza, mashine ikayasoma, kisha mchezo ukatokea.

Mzee alikuwa mkono wazi. Ukienda na kanda tupu, alikunakilia mchezo bure. "Mgeni haondoki mikono mitupu," alisema. Basi nani angenunua? Na si Eldoret pekee, wasikilizaji. Kila mji ulinakili. Watunzi wa michezo wakakosa wanunuzi, wakahamia mashine mpya. Michezo ikaisha, watu wakaifuata huko, kiwanda cha mashine ile kikafunga. Tuliipenda mpaka tukaiua. Mzee alijua, na ilimuuma.

Ndiyo maana mchezo alioutunga mwenyewe hakumnakilia mtu. Ni mchezo wa shamba la mahindi, na mkulima wake ni bintiye, Ciru. Kanda ikabaki moja tu.

Spea za mashine nazo zikaadimika. "Baba alikuwa anatoa kwa moja anaweka kwa ingine," anasema Ciru, "mpaka ya mwisho ikakufa mvua ya juzi. Mimi nataka tu nione hiyo shamba mara moja, kabla tumzike."

Ametafuta mashine mjini Turbo, akatafuta Burnt Forest. Kila mlango jibu ni lile lile: tulitupa zamani.

Asubuhi hii amekuja studio na kanda mkononi. Tukamuuliza: tuicheze hewani, mwenye mashine popote alipo airekodi? Aliitazama kanda. Kisha akacheka machozi yakimtoka.

"Baba aliwanyima watu wote hii kanda. Sasa wacheni wanakili. Atanisamehe."

Mama Wamucii, mjane wa Mzee, nawe Ciru, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi tujiulize: kile tunachokipenda, aliyekitengeneza tumemshukuru lini?

Sasa, wasikilizaji wapendwa, wekeni kaseti, bonyezeni rekodi. Mahindi yakitokea kwenye televisheni yako, yapige picha kwa simu, ututumie kabla ya Jumamosi. Msiguse redio. Haijaharibika. Hayo makelele ni shamba la Ciru.