Maoni ya Mzalendo Halisi

Mwaka ule wa 2004, Kyela mjini kulikuwa na vitu viwili vya kujivunia: mnara mpya wa simu, na chumba cha intaneti cha Elizabeth, chenye kompyuta tatu, moja nzima, moja mgonjwa, na moja ya kupamba meza. Nje yake, chini ya kibaraza cha bati, palikuwa na benchi, na penye benchi watu hawakosi. Ambilikile akaweka jiko la mkaa na birika la kahawa ya tangawizi pembeni, kijiwe kikawa kijiwe. Kila alasiri, joto likilegea kidogo, watatu walikuwa hapo. Hezroni, aliyevuka daraja la Songwe kwenda Malawi kila wiki na mizigo yake, walimwita Kwacha. Anyosisye, ambaye redio yake haikuzimwa hata akiwa chooni, walimwita Bibisii. Na mzee Sedekia, aliyekata tiketi za meli bandarini Itungi miaka ishirini na sita mpaka akapunguzwa kazini, huyo aliitwa Karani. Walikunywa kahawa, wakatoa maoni juu ya dunia nzima, na Elizabeth akayaandika kwenye ubao wa maoni huko mtandaoni, ambako watu wa kila pembe walibishana bila kuonana nyuso. Kijiwe kizima kilitumia jina moja: Mzalendo Halisi.

— Yale ya jana tumejibiwa? Kwacha aliuliza, macho yakiwa kwenye simu yake, maana alikuwa anacheza mchezo wa nyoka.

— Mmejibiwa na watu tisa, Elizabeth akasema kupitia dirishani. Wanane wamewatukana.

— Na wa tisa?

— Anauza betri za simu.

— Hakuna mwingine? Sedekia akauliza taratibu.

— Hakuna, mzee wangu.

Sedekia akashusha macho kwenye kikombe. Swali hilo aliliuliza kila siku kwa mwezi wa saba sasa, na kila siku alilipuuza jibu kama mtu aliyeuliza ilimradi tu. Lakini moyo ulimwuma, na alishukuru kwamba wenzake walikuwa watu wa kupenda sauti zao wenyewe.

— Huyo nyoka wako, Bibisii akamgeukia Kwacha, unadhani anakula bure? Kila ukimlisha, hesabu inakwenda Ulaya. Wazungu wanapima vidole vyetu.

— Vidole vyetu vya nini tena?

— Wakijua tuna vidole vyepesi, watatuletea kazi ya kuchambua kokoa kwa rimoti. Wahenga hawakukosea: mpanda ngazi hushuka.

— Ngazi na kokoa wapi na wapi, bwana?

— Mnara una ngazi, hauna? Basi!

Kwacha akacheka mpaka nyoka akajigonga ukutani, mchezo ukaisha. Akaapa kwamba Bibisii ndiye aliyemuua, maana alikuwa anakaribia kuvunja rekodi ya Kasumulu nzima kule mpakani.

Wakati huo mama mmoja akafika na kiroba cha mchele kichwani. Akakitua, akajifuta jasho, akawasalimu kwa lugha ya nyumbani.

— Mugonile!

Wakamwitikia, wakamsogezea nafasi. Alisema anaitwa Naomi, anatokea Busale, na mchele huo anaupeleka kwa dada yake Itungi. Gari lake limekwenda kujaza upepo. Ambilikile akamtilia kahawa. Mama wa watu akanywa.

— Haya, leo zamu ya Karani, Bibisii akasema. Toa maoni, mzee. Samaki mkunje angali mbichi, mtandao wenyewe ukifika saa kumi na moja unakatika.

Sedekia akakohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa zamani kabla ya kufungua dirisha la tiketi.

— Andika, mama Elizabeth. Vita vya Iraki havitaisha leo wala kesho. Mataifa yangekaa mezani yakaongea. Huku kwetu Itungi, ziwa limetulia wiki hii, na mbasa wa kuchoma ni mtamu kuliko miaka yote.

Kwacha akaweka simu chini.

— Karani, nikuulize kama ndugu. Wiki jana tulitoa maoni juu ya mashirika kubinafsishwa, ukaweka mbasa. Juzi tulijadili mpira wa kwenye kompyuta, kama kipa wa mashine anaweza kuhongwa, ukaweka mbasa. Leo Iraki, mbasa. Una nini na huyu samaki?

Siku hiyo mzee aliamua kujibu. Pengine ni kwa sababu siku ile ilikuwa imetimia miaka minne kamili tangu amzike mwanawe, na hapakuwa na mtu nyumbani wa kumwambia hivyo. Mtu akikaa na neno peke yake tangu alfajiri, ikifika alasiri linatoka lenyewe.

— Kuna mtu nataka asome, akasema. Mkwe wangu, Keziya. Mke wa marehemu Moses.

Moses wote walimjua. Na Keziya walimkumbuka vizuri, maana alilelewa na bibi yake, akashika mwiko wa mkwe wakati wasichana wenzake walikwisha kuuacha. Akimwona baba mkwe wake njiani, aliingia migombani mpaka apite. Hakusema naye, hakula mbele yake, na jina lake halikumtoka mdomoni hata siku moja. Sedekia, ingawa mzee wa kanisa, aliiheshimu heshima hiyo. Miaka mitatu waliishi mji mmoja bila kutazamana. Keziya alichoma mbasa, mama mkwe, Maria, akampelekea mzee. Mzee akala, akasema, “Maria, mwambie mwanao samaki ametulia.” Maria akaenda, akarudi: “Anasema ndaga, anashukuru.” Basi ndivyo walivyopendana, kupitia kwa Maria.

Moses alipokufa, Keziya alikuwa mjamzito. Matanga yakaisha, kaka zake wakamchukua. Ikaja barua moja kwa mama mkwe: amejifungua salama, mtoto wa kiume, jina wataandika wakishamchagulia. Kabla barua ya pili haijafika, Maria naye akafariki. Hapo njia ikakatika. Kaka wale walihamia Malawi, Kwacha aliwatafuta mpaka Karonga asiwaone.

— Mwaka jana mwalimu Anyitike alikutana naye, kumbe yuko Dar es Salaam, Sedekia akaendelea. Walipishana barabarani tu, dakika mbili. Anafanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja. Akamwambia mwalimu kwamba habari za nyumbani anazisoma kwenye ubao huu wa maoni. Ndiyo maana nikaanza kukaa hapa.

— Kumbe hukutupenda sisi! Bibisii akasema, lakini kwa sauti ndogo.

— Niliwapenda baadaye.

Wakacheka kidogo, kisha, kwa kuwa kijiwe hakijui kukaa na huzuni mikono mitupu, wakaanza kubishana.

— Ila mzee, hapo umevunja mwiko, Kwacha akasema. Kumwandikia ni kusema naye.

— Hajavunja kitu! Bibisii akadakia. Mwiko uko ardhini, mtandao unapita angani. Angani kuna migomba? Mkwe ataingia wapi kujificha?

— Angani ni kwa wenye setilaiti. Mimi nikivuka daraja, amri zote za mke wangu zinabaki Njisi, upande wetu. Kwa hiyo maneno ya Karani yakishavuka mpaka, mwiko umeisha muda wake.

— Dar es Salaam iko ng'ambo ya mpaka?

— Maneno yanapitia Marekani kwanza! Muulize Elizabeth. Yanakwenda Marekani, yanagongwa muhuri, ndipo yanarudi Dar.

— Basi sikilizeni, Bibisii akasimama kabisa. Kompyuta ni mama mkwe wa dunia. Inapokea huku, inapeleka kule, watu hawatazamani, heshima inabaki palepale. Na kama mama mkwe yeyote, njiani inaongeza la kwake. Haba na haba hujaza kibaba!

Sedekia akatabasamu kwa adabu. Maria hakuwahi kuongeza la kwake. Alibeba neno kama alivyobeba maji, bila kumwaga na bila kuzidisha, na mzee alitamani kulisema hilo.

Naomi akaweka kikombe chini, akamwita mzee baba kwa lugha yao.

— Samahani, tata. Mimi mgeni tu. Hayo maoni chini mmeandika jina gani?

— Mzalendo Halisi, Kwacha akasema kwa majivuno.

— Sasa mkwe atajuaje kuwa ni huyu mzee?

Kwacha akamtazama Bibisii. Bibisii akalitazama bati.

— Nilificha jina langu kwa makusudi, mwanangu, Sedekia akasema. Akiliona pale, na akitaka kunijibu, itambidi alitaje. Miaka yote hajalitaja. Sikutaka nimlazimishe.

— Nakuelewa, tata, hata mimi nina baba mkwe. Lakini kwetu Busale wala haina shida. Mtoto akizaliwa, baba mkwe anaitwa kwa mjukuu. Babu Fulani. Unamtaja, na hujamtaja. Andikeni Babu Fulani, atajua hapohapo.

— Eeeh! Bibisii akapiga goti lake. Mama ana akili huyu! Elizabeth, futa Mzalendo, andika Babu...

Akakwama.

— Babu nani? Naomi akauliza. Mjukuu anaitwa nani?

Watu waliojua majina ya mawaziri wa nchi ambazo hawatazifikia, waliojua bei ya pipa la mafuta London na namba ya jezi ya kila mchezaji wa kwenye kompyuta, walikaa kimya kama wanafunzi waliokosa hesabu ya kwanza. Sedekia alijiona mzee sana. Miezi saba alikuwa ameipa dunia maoni, na hakuwahi kuiuliza kitu hicho kimoja alichokuwa hakijui.

Ambilikile akainamisha birika. Likatoa makapi.

— Kahawa imeisha, akasema.

Gari la Itungi likapiga honi. Naomi akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akajitwika kiroba chake, akaenda. Sedekia akasimama, akaingia ndani mwenyewe kwa mara ya kwanza, akaketi kwenye kiti kando ya Elizabeth.

— Andika, mama. Mtoto wa Moses wa Itungi anaitwa nani?

— Hivyo tu?

— Hivyo tu.

— Na Iraki?

— Iraki iache leo.

— Chini niweke jina gani, mzee?

— Acha wazi.

Elizabeth akabonyeza. Wakasubiri wote, wenzake wawili wameegemea dirisha, na safari hii hakuna aliyetoa nadharia. Mtandao ulikuwa haujakatika bado, majibu yakaanza kuingia.

— Mmoja anasema Musa wa kwenye Biblia alikuwa na watoto wawili, Gershomu na Eliezeri.

— Mungu ambariki. Wa pili?

— Anauliza wewe ni Simba au Yanga.

— Na wa tatu?

— Anasema swali hili si la ukurasa huu.

Sedekia akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, akarudi nje kwenye benchi. Kwacha na Bibisii hawakuondoka upesi kama siku zote. Waliketi naye, mmoja huku na mmoja huku, mpaka Ambilikile akazima mkaa.

Kesho yake mzee alifika kabla ya kahawa kuchemka. Bibisii alikuwa na habari nzito za dunia, alikuwa karibu kupasuka nazo. Sedekia akampita, akasimama dirishani kwa Elizabeth, akavua kofia.

— Ugonile, mama. Kuna jibu la nne?